Siku 124 za Kuthibitisha Kuwa Mimi Ni Mimi

Ijumaa ya tarehe 1 Machi 2024 nilirudi nyumbani Wete, kisiwani Pemba, saa kumi za alasiri, nikavua baibui, nikakaa barazani nijibu wateja. Nilipofungua akaunti yangu ya mtandao wa kijamii kwenye simu, picha za kawa ninazouza hazipo. Pametokea ukurasa mweupe wenye maneno ya Kiingereza: akaunti imesimamishwa, haionekani na mtu yeyote, na nina siku 180 za kukata rufaa, zikipita itafungwa moja kwa moja. Chini yake kitufe kimoja: thibitisha wewe ni nani.

Nilikisoma kile kitufe mara tatu. Ramadhani ilikuwa imebakia siku kumi na moja kuingia.

Kwa asiyejua, kawa ni kile kifuniko cha chakula chenye kilele, kinachofunikwa juu ya sinia la futari. Pemba hatujaacha kukitumia. Ukindu hukatwa, ukaanikwa mpaka ukawa mweupe, ukachanwa mwembamba, ukatiwa rangi katika sufuria la maji yanayochemka, ndipo ukasukwa ukili. Ukili nao hushonwa kwa sindano, mzunguko juu ya mzunguko. Kawa moja kubwa ni kazi ya siku nne tano kwa mtu mwenye mikono myepesi. Mimi sisuki, mikono yangu mizito. Kazi yangu ni kuuza. Wanaosuka ni shangazi yangu na akina mama wengine wanane, watano wa Konde na wanne wa Micheweni, na wote tisa duka lao lilikuwa ile akaunti. Hatuna mlango wala meza sokoni. Mteja anaona picha, anaandika, anatuma arubuni, mzigo unashuka Mkoani unapanda boti.

Siku ile nilikuwa nimeshapokea arubuni za watu kumi na nne. Wengine wako Unguja na Dar es Salaam, wawili wako Muscat na mmoja Sohar, huko Oman. Pesa zao nilishazigawa Konde na Micheweni kununulia ukindu na rangi. Sasa jiweke mahali pa mteja. Umetuma pesa kwa mtu hujawahi kumuona, kesho yake unatafuta ukurasa wake hauupati. Utasema nini? Utasema umetapeliwa, na mimi katika nafasi yako ningesema hivyo hivyo.

Sikuambiwa kosa langu. Ilikuwapo sentensi moja tu, kwamba akaunti haifuati taratibu, na taratibu zenyewe ni kurasa na kurasa. Nilichokijua baadaye nimekijua kwa kuuliza watu na kwa kukumbuka mwenyewe nilivyokuwa nikifanya. Wiki ile, wateja walipokuwa wengi, nilimpa simu mtoto wa dada yangu anisaidie kujibu. Akaandika jibu moja zuri, lenye bei na namba ya kutumia pesa, akalinakili akalibandika kwa kila mtu. Watu zaidi ya mia, ndani ya saa moja. Mtoto hakukosea, alitaka kunipunguzia kazi. Lakini mashine inayolinda mtandao haimuoni mtoto wa Wete aliyekaa juu ya mkeka. Inaona ujumbe mmoja wenye namba ya pesa umetumwa mara mia, na hivyo ndivyo wanavyofanya matapeli.

Hilo nililielewa na nikalikubali. Kilichoniumiza ni kilichofuata, pale nilipotakiwa nithibitishe jina langu.

Akaunti niliifungua 2014, katika duka la intaneti Chake Chake, wakati huo sina simu ya maana. Kijana wa pale ndiye aliyenijazia. Palipoandikwa jina la mtu nikamwambia aweke jina la biashara, kwa sababu ndilo nililotaka watu walijue. Palipoandikwa tarehe ya kuzaliwa akaweka 1 Januari 1990, haraka haraka, nyuma yangu pana foleni. Mimi nimezaliwa 1986. Barua pepe akafungua yeye, neno la siri akaliandika kwenye kipande cha karatasi, na kipande hicho sikijui kilipokwenda. Miaka kumi sikuulizwa lolote. Nyumba iliyojengwa bila msingi haianguki siku ya kwanza, inasubiri mvua.

Hatua ya mwanzo mtandao ulisema utanitumia namba za siri kwenye simu. Namba ya simu iliyokuwemo ni ile ya zamani. Mtakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza 2019 na mwisho wake ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020. Mimi nilikuwa na laini mbili, nikasajili moja, ile ya pili nikaiacha izimwe kwa kuwa siitumii. Sikukumbuka kwamba ndiyo niliyoiandika kule. Nikaipiga. Ikaita. Akapokea kijana, lafudhi ya Bara.

"Samahani mwanangu, hii namba ilikuwa yangu zamani. Sasa hivi utapata ujumbe wenye tarakimu sita, naomba unisomee."

Akanyamaza kidogo. "Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Mama yangu, unisamehe sana. Tumeambiwa namba za siri tusimpe mtu yeyote, hata akisema ni nani. Mimi sikufahamu."

Akakata simu kwa adabu. Nilibaki na simu sikioni, nimekasirika na sina wa kumkasirikia, kwa sababu yule kijana alifanya vile ambavyo ningetaka mwanangu afanye. Jioni ile ile niliandika kwenye daftari namba zote za simu na akaunti zote zilizofungwa nazo, mpaka ya mkoba wa pesa na ya skuli ya watoto. Mbili nyengine nikakuta zimefungwa kwa laini ile ile iliyokufa. Nikazibadilisha usiku huo huo.

Njia ya pili ilikuwa kitambulisho. Hapo nikaona kazi nyepesi, kwa sababu vitambulisho ninavyo viwili, cha Mzanzibari Mkaazi na cha taifa. Nikapiga picha ya kwanza ndani, chini ya taa. Ikakataliwa, kwa kuwa mwanga uliangukia plastiki ukafuta tarakimu. Nikajifunza kumbe kadi hupigwa nje, kivulini, saa tatu nne za asubuhi, juu ya kitambaa cheusi kisichong'aa, pembe zake nne zote zionekane, na taa ya simu izimwe. Baibui langu la zamani ndilo nililolitandika. Picha ikatoka safi, ukisoma mpaka herufi za pembeni.

Ikakataliwa tena. Jina haliko sawa na la akaunti.

Nikatuma cha pili. Hapo ndipo nilipokaa kitako, nikaziweka kadi mbili ubavu kwa ubavu, nikaziangalia kwa mara ya kwanza tangu nizipate. Babu yangu mzaa baba ni Khamis. Kadi moja imeandikwa Khamis, kwa K na h, haina i mwishoni. Nyengine imeandikwa Hamisi. Siku ya kujiandikisha niliulizwa nisome nihakikishe, nikatia saini bila ya kusoma. Nani Pemba atajali? Ukimwita mtu Khamis au Hamisi ataitika huyo huyo. Na skuli cheti changu cha kidato cha nne kina tahajia ya tatu, sitaki hata kuiandika.

Tena hata hayo majina yenyewe mtandao hauyajui yalivyo. Unataka jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi hatuna jina la ukoo kama wanavyolitaka wao. Nina jina langu, nina la baba yangu, nina la babu yangu, nasimama hapo. Mume wangu ana majina yake matatu na sikuchukua hata moja, wala ndoa haikunitaka nichukue. Watoto wangu wana jina langu wapi? Hawana, wana la baba yao na la babu yao. Nyumba moja, na karatasi zetu ukizitandaza mbele ya mgeni atadhani tumekutana njiani. Kwetu hilo si tatizo kwa sababu mtu hajulikani kwa karatasi peke yake. Ukitaka kitambulisho unaanza kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia yako, naye anakuandikia barua kwa sababu anakujua, na asipokujua atamuuliza jirani yako. Sheha wetu aliponisikia shida yangu aliniandikia barua nyengine, akagonga muhuri, akasema, "Wapelekee hii, mwanangu, na namba yangu ya simu nimeiweka. Wakitaka wanipigie." Alisema kwa moyo safi kabisa. Nilishindwa kumwambia kwamba hakuna wa kupiga, kwamba huko ninakotakiwa kujithibitisha hakuna mtu wala mlango wa kugonga.

Nilikwenda mpaka Chake Chake kwa wakili nikala kiapo kwamba Khamis na Hamisi ni mtu mmoja. Karatasi ile ilinisaidia baadaye kwenye benki. Kwenye mtandao hapakuwa na pahala pa kuitia.

Ramadhani ikaingia. Sitaieleza sana. Akina mama walileta kawa, zikajaa chumba cha wageni mpaka juu, na mimi nikawa nawapigia wateja wale tu ambao namba zao nilikuwa nazo. Kati ya kumi na nne walikuwa sita. Wanane waliobaki nilikuwa nawajua kwa picha zao za akaunti na mazungumzo yaliyofungiwa ndani.

Katikati ya mfungo mmoja wa wale sita, dada wa Dar es Salaam, akanitumia picha ya skrini. "Dada, umefungua mpya?" Nikaitazama. Jina la biashara yangu, limeongezwa nukta. Picha ni zangu. Ya kwanza ni ya mkono wa shangazi unaoanza kilele cha kawa ya zambarau, na kidoleni pete yake ya fedha iliyopinda upande, aliyovishwa na mumewe kabla sijazaliwa. Chini yake namba ya simu ya mtu mwengine, na maneno: arubuni kwanza, mzigo baadaye.

Nataka niliseme hili wazi kwa sababu nimelibeba muda mrefu. Mimi mwenye kadi mbili, barua ya sheha na kiapo cha wakili niliambiwa sijulikani. Yule aliyeiba mkono wa shangazi yangu alikuwa anafanya biashara mchana kweupe. Na nilipotaka kumripoti, mtandao ukaniambia niingie kwanza kwenye akaunti yangu. Nililia siku ile. Shangazi aliuliza kuna nini, nikamwonesha, akaitazama picha akasema, "Huu si mkono wangu?" Sikuwa na jibu.

Niliwaomba jamaa na marafiki wauripoti ule ukurasa, kila mtu kwa simu yake. Walikuwa zaidi ya thelathini. Ulitoka baada ya wiki mbili. Watu waliotapeliwa humo siwajui ni wangapi, lakini watatu walinipata na kunitukana, na matusi yao niliyapokea.

Katika hali hiyo mtu huwa tayari kuamini chochote. Akanitafuta bwana mmoja kwa WhatsApp, akasema anafanya kazi ya kufungua akaunti, ana watu wake ndani. Shilingi 150,000, nusu kwanza. Nikatuma 75,000. Kisha akataka picha za vitambulisho vyangu vyote na namba za siri zitakazokuja. Hapo nikakumbuka yule kijana wa namba ya zamani, alivyosema "mimi sikufahamu". Nikamzuia yule bwana. Zile 75,000 zilikuwa za ada ya mtoto. Kama umefungiwa na unasoma hapa, nakuomba: hakuna mtu wa pembeni mwenye mkono ndani. Wanatafuta waliofungiwa kwa sababu wanajua hali yetu.

Mtoto wa ami yangu anaishi Denmark. Nilipomhadithia alishangaa kwamba sikupewa sababu. Akanieleza kwamba kwao ipo Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kushika mitandao yote tangu 17 Februari 2024. Mtandao ukikufungia lazima ukupe sababu kwa maandishi, na malalamiko yako hayaruhusiwi kuamuliwa na mashine peke yake. Tarehe 17 Februari, na mimi nilifungiwa tarehe 1 Machi. Mtandao ule ule, kitufe kile kile, lakini yeye ana wa kumsemea. Na sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo imegusa hata maamuzi yanayofanywa na mashine bila ya mtu. Niliisoma yote kwa Kiswahili changu na Kiingereza changu. Natamani siku moja mtu wa Wete aweze kuishika sheria hiyo mkononi, akaipeleka mahali, akajibiwa. Nalisema kwa sababu naamini linawezekana, maana wenzetu limewezekana.

Mwanzoni mwa Mei, kupitia fomu ya rufaa aliyonionesha huyo ndugu yangu, nikapata nafasi ya kuandika maelezo. Nikaandika yote: jina la duka, tarehe ya uongo ya 1990, laini iliyokufa, Khamis na Hamisi. Sikujitetea. Nikajibiwa kwa barua pepe kwamba nitume kitambulisho kimoja na video ya uso kwa kiungo kitakachokufa baada ya muda mfupi. Barua ile niliiona asubuhi ya Jumapili, tarehe 12 Mei.

Waliokuwa Tanzania siku hiyo wanajua. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na nchi nzima intaneti ikafifia. Video yangu ilifika asilimia nne ikasimama. Nilitembea mpaka bandarini Wete nikiinyanyua simu juu, kama kwamba waya uliokatika huko chini baharini ungenionea huruma nikisogea karibu na maji. Kiungo kikafa Jumatatu.

Nikaandika tena. Wiki mbili kimya, kikaja kiungo chengine. Safari hii nilikwenda uani asubuhi na mapema, ushungi nimeubana vizuri usitie kivuli kwenye paji la uso, nikageuka kulia, nikageuka kushoto, nikatazama juu, kama nilivyoamrishwa na duara la kwenye skrini. Nikatuma kadi moja tu, ile yenye Khamis.

Tarehe 3 Julai akaunti ikarudi. Hapakuwa na maelezo wala samahani. Jina la biashara limetolewa, limewekwa jina langu na la babu yangu kama lilivyo kwenye kadi, la baba limerukwa. Wateja wa miaka kumi wakaanza kuuliza huyu ni nani.

Nimepanga upya tangu hapo. Akaunti ni yangu kwa jina langu na tarehe yangu ya kweli, na duka ni ukurasa ulio chini yake, wenye wasimamizi wawili, mimi na mtoto wa dada yangu, ili mmoja akifungiwa mwengine abakie ndani. Picha zote nimezipakua. Namba ya kila mteja naiandika kwenye daftari kabla sijapokea arubuni yake, hata akiona uzito kuitoa. Na wateja nawajibu mmoja mmoja, kwa maneno tofauti, japo mkono unauma.

Siku ile ya Julai, kitu cha kwanza nilichofungua ni mazungumzo. Yule wa Sohar alikuwa ameandika mara sita. Ya kwanza, "Assalaam alaykum dada, upo?" Ya pili akauliza kama ninaumwa. Ya nne akasema mama yake alitaka kawa ile aifunikie futari kama alivyokuwa akifanya Pemba utotoni. Ya sita ilikuwa ya siku ya pili ya Idi, neno moja: "Haya."

Nilimwandikia nikamweleza yote, nikamtaka aseme kama nimrudishie pesa au nimtumie mzigo. Nimemwandikia tena mara tatu tangu siku ile. Kawa yake ni ya zambarau na kijani, ndiyo ile ya kwenye picha. Ipo juu ya kabati, nimeifunga kwa kanga isiliwe na vumbi, na jina lake nimelishikiza kwa pini.